Bi Haloo wa Ukurasa wa Mwanzo

"Tabasamu, mama, lakini si lile la kitambulisho," alisema binti mbunifu wa tovuti, jicho moja amelifumba nyuma ya kamera. "Tabasamu kama vile simu imelia na aliyepiga unamjua."

Bi Haloo alijaribu. Mdomo ulikubali, mashavu yakagoma. Nyuma yake walikuwa wametundika shuka jeupe kuficha ukuta wenye ukungu. Mbele yake, simu ya mezani ilikuwa imesukumwa hadi ukingoni mwa meza ya mapokezi kwa sababu rangi yake, ile rangi ya maziwa yaliyolala, haikupatana na blauzi ya buluu. Blauzi aliichagua mwenyewe. Bintiye wa kumzaa alikuwa amemfunga kilemba upya mlangoni mwa nyumba yao, baada ya kuona cha kwanza kimeinama kama mtu anayesinzia.

Simu ikalia. Kabla ya yeyote kumzuia, mkono ulishafika.

"Haloooo," alisema, ile haloo yake ndefu iliyomla jina lake la kuzaliwa na kumpa jingine. "Viungo bandia hapa, karibu mwanangu."

"Shikamoo mama," ilisema sauti nzito ya mzee.

"Marahaba, baba! Mpangaji wako hajambo?"

"Ah, mpangaji gani huyo! Leo kaamka na kisirani. Anasema chumba kidogo, godoro limejikunja."

"Hebu mtoe nje, ulikung'ute godoro, ulitandike upya. Ukiona ukuta umekuwa mwekundu usinipigie tena, njoo."

"Nimesikia, mama."

Alicheka, na kamera ikalia *kacha*. "Hiyo hapo!" alipiga kelele binti mbunifu. "Hiyo hiyo! Tumemaliza."

Aliyepiga alikuwa tarishi mstaafu. Kwa umri alimzidi Bi Haloo miaka mingi, lakini tangu siku ya kwanza alimwamkia yeye, na Bi Haloo akaitikia bila haya, na mchezo ukabaki hivyo. Kisukari kilikuwa kimemla mguu mmoja chini ya goti, baada ya maisha mazima ya kupeleka barua kwa miguu. Mguu wa bandia aliouvaa aliuita mpangaji: anakaa bure, hapiki, na bado ananuna. Kigutu chake, kipande cha mguu kilichobaki, ndicho chumba, na ngozi yake ndiyo ukuta. Soksi nene ya pamba anayoivaa mtu kigutuni kabla ya kutia mguu ndiyo godoro. Pale ofisini hakuna aliyeijua lugha hiyo isipokuwa Bi Haloo, na hakuna aliyewahi kuhitaji kuijua.

*

Habari ya tovuti mpya aliileta Bosi, siku chache kabla ya picha, kutoka kwenye mkutano wa wafanyabiashara. Alirudi na mkoba wa zawadi na maneno mapya. Aliwakusanya wote karakanani, katikati ya harufu ya gundi na plastiki iliyopashwa moto, akawaonyesha ukurasa wao wa zamani: herufi nyekundu zinazotembea kutoka kulia kwenda kushoto, picha ya jengo, na juu kabisa namba ya simu, kubwa kama ya zimamoto.

"Hii ni tovuti au ni tangazo la mnada?" aliuliza Bosi. Watu wakacheka kwa adabu. "Wenzetu wameshatoka huku. Siku hizi ukurasa unapumua. Nafasi nyeupe nyingi, maneno machache, sura za watu. Na unaongea! Mteja akifungua tu, unamsalimu. Biashara bila hivyo ni maiti inayosubiri sanda."

"Utaongeaje?" aliuliza fundi mkuu, ambaye vidole vyake havikuwahi kukosa chokaa.

"Utaongea kama Bi Haloo," alisema Bosi, na wote wakamgeukia. "Wateja wanampenda nani hapa? Mimi? Mimi wananiogopa. Wanampenda Bi Haloo. Basi tunamweka yeye."

Bi Haloo aliona joto likimpanda shingoni. Kazi aliyoingia akiwa msichana wa kufagia, akapewa kukaa karibu na simu siku moja mpokezi alipougua, leo ilikuwa imemfikisha kwenye midomo ya watu wa mikutano. Alishika tu ncha ya kilemba chake, akaiachia.

Baada ya picha, binti mbunifu alikaa naye siku kadhaa pale mapokezi na kompyuta yake mapajani. Hakuwa na maringo. Alikuja na karanga, wakazila pamoja, maganda wakiyakusanya kwenye kifuniko cha sufuria. Aliuliza polepole na kuandika haraka.

"Mtu akisema mguu mpya unambana, unamjibu nini?"

"Namwambia, pole mwanangu, kubanwa kidogo mwanzoni ni kawaida. Vumilia siku chache, mwili utazoea. Nipo hapa hapa."

"'Nipo hapa hapa.' Nzuri sana, mama. Hiyo tunaiweka." Vidole vilikimbia. "Na akisema unauma?"

"Inategemea. Mwingine namwambia vumilia. Mwingine namwambia njoo leo leo."

"Unajuaje ni yupi wa kuvumilia na ni yupi wa kuja?"

"Nasikia."

"Unasikia nini? Neno gani analisema?"

Bi Haloo aliangalia simu, kana kwamba ingemsaidia. Alimfikiria yule mama wa mapacha anayelia kwa kila jambo, ambaye kilio chake hakikuwa na maana yoyote. Akamfikiria kijana wa bodaboda aliyepiga akicheka, na yeye, bila kujua kwa nini, akamwambia chukua gari uje sasa hivi.

"Sijui, mwanangu. Nasikia tu."

Binti mbunifu aliandika kitu, akakitazama, akakifuta.

*

Siku ya kuizindua, walijazana ofisini kwa Bosi mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta. Ukurasa ulifunguka mweupe, mweupe kama wodi mpya, na katikati yake akatokea Bi Haloo na blauzi ya buluu, anacheka kwa mtu ambaye hayupo pichani. Chini yake maneno mawili tu: *Tembea tena.* Bosi aliposogeza kidole, picha ilipanda taratibu, viti vya magurudumu vikaja vikielea, kisha magongo, kisha miguu. Pembeni chini, kwenye duara dogo lenye nukta ya kijani, sura ile ile ikajitokeza, na maandishi yakajiandika yenyewe: *Haloooo! Karibu mwanangu. Nikusaidie nini?*

Walipiga makofi. "Bi Haloo," alisema fundi mkuu, "sasa hata ukiugua utakuwa kazini." Aliyecheka kuliko wote alikuwa Bi Haloo mwenyewe.

"Na namba ya simu iko wapi?" fundi mkuu akauliza.

"Ipo," alisema binti mbunifu. "Unabonyeza hapa, halafu hapa, halafu unashuka chini."

"Kwa nini isikae juu?"

"Inachafua ukurasa," alidakia Bosi. "Watu wa leo hawapendi kuongea. Wanapenda kuandika."

Jioni binti yake Bi Haloo alizunguka na simu nyumba kwa nyumba akimwonyesha kila jirani. "Mama yangu huyu, wa mtandaoni!" Walipobaki wawili, Bi Haloo aliomba ile simu, akaandika kwa kidole kimoja: *Hujambo.* Duara likamjibu papo hapo: *Sijambo mwanangu! Nikusaidie nini?* Bintiye alianguka kwa kicheko. Yeye alicheka pia, kisha akairudisha simu haraka, kama mtu aliyeshika sufuria akakuta bado ina moto.

Simu ya mezani haikunyamaza kwa siku moja. Ilififia. Kwanza asubuhi zikawa tulivu, kisha adhuhuri nazo. Halafu Bosi akamwita fundi wa laini, na tangu siku hiyo aliyepiga namba ile ya zamani alipokelewa na sauti ya mwanamke asiyejulikana ikimwelekeza kwenye tovuti. Bi Haloo alikuwa akiinua kipokezi mara moja moja kusikiliza mlio wake, akakirudisha.

"Usiwe na wasiwasi," Bosi alimwambia. "Hujashushwa, umepandishwa. Wewe ni sura ya kampuni sasa. Ila kwa kuwa mikono yako ina nafasi, nisaidie kule stoo."

Stoo ilikuwa chumba chenye dirisha dogo juu. Kazi ilikuwa kukunja soksi za vigutu na kuzipanga kwa saizi. Soksi hizo hazina jozi. Kila moja hukunjwa peke yake, hutiwa kwenye mfuko wake, na kuandikwa. Alizizoea. Alichoshindwa kuzoea ni kupita siku nzima bila kumwita mtu mwanangu. Akaanza kuziita soksi. "Haya wewe mwanangu, kaa hapa." Akaisikia sauti yake mwenyewe, akaendelea kukunja.

*

Binti mbunifu alirudi mvua zilipoanza, viatu vyake vikiwa na matope, uso wake ukiwa na furaha. Alimtafuta Bi Haloo hadi stoo.

"Mama, nataka uone kitu. Watu wanakupenda!" Alifungua kompyuta juu ya rundo la soksi. "Haya ni mazungumzo ya wateja na kile kisanduku chenye sura yako. Kuna mzee mmoja anaandika karibu kila siku. Ana utani huyo! Mengine siyaelewi, lakini nacheka peke yangu."

Bi Haloo alivaa miwani.

*Shikamoo mama. Namba yako imemezwa na mwanamke mwingine, nimekufuata huku. Mpangaji kanuna.*

*Haloooo! Karibu mwanangu. Swali lako linahusu nini: kununua, kurekebisha, au maumivu?*

*Maumivu kidogo. Anasema chumba kina joto.*

*Pole mwanangu. Kubanwa kidogo mwanzoni ni kawaida. Vumilia siku chache, mwili utazoea. Nipo hapa hapa.*

"Ni Tarishi," alisema Bi Haloo, na tabasamu likamjia lenyewe, lile la kwenye picha. Aliendelea kusoma.

*Mama, ukuta umekuwa mwekundu.*

*Samahani, rangi za ukuta hatuna. Ungependa kuona rangi za viti vya magurudumu?*

*Mama, godoro limelowa.*

*Asante kwa ujumbe wako. Magodoro hatuuzi kwa sasa, lakini tuna mito ya kukalia. Ungependa kuiona?*

*Ha! Umeanza utani mpya.*

Kisha, siku iliyofuata: *Limelowa tena. Na sasa linanuka.*

*Pole mwanangu. Vumilia siku chache. Nipo hapa hapa.*

*Haya. Mama watoto anasema twende hospitali. Nimemwambia ngoja kwanza nisikie kutoka kwako.*

*Nipo hapa hapa.*

Tabasamu lilikuwa limeganda usoni mwake bila yeye kujua. Binti mbunifu bado alikuwa akicheka, kisha akamwangalia, akaacha.

"Mama?"

"Godoro ni soksi," alisema Bi Haloo. "Soksi imelowa. Ana kidonda. Ana kidonda na ana kisukari, na kinanuka. Niandikie hapo aende hospitali sasa hivi."

"Mama..."

"Niandike wapi? Hapa?" Aliweka kidole kwenye weupe uliobaki chini ya maneno ya mwisho. Kioo kilibonyea, kikatoa duara la mawimbi ya rangi, kikatulia. Akabonyeza tena.

"Huku kwetu ni kusoma tu," binti mbunifu alisema. "Hakuna mahali pa kujibia. Kinajibu chenyewe. Bosi alitaka hivyo, kiwe rahisi. Mama, usibonyeze, hakitasaidia."

Walikimbilia kabati la mafaili. Jalada la Tarishi lilikuwepo, na namba yake ilikuwepo, namba ya zamani aliyoipoteza pamoja na simu yake. Haikupatikana. Kwenye ujumbe mmoja alikuwa ameeleza kwamba sasa anaandika kwa simu ya mke wake, na namba hiyo hakuna aliyekuwa nayo. Makazi yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko wa Bi Haloo mwenyewe: *nyuma ya kiwanda cha mbao.*

Alimkuta Bosi anafunga tai.

"Bosi, naomba ruhusa. Kuna mgonjwa lazima nimfuate kwake."

"Leo? Bi Haloo, leo wageni wanakuja, wale wa chama cha wafanyabiashara. Wanakuja kuiona tovuti. Wanakuja kukuona wewe!"

"Ana kidonda, Bosi. Anatuandikia, sisi tunamwambia avumilie."

Bosi alimwangalia kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wageni. "Kesho asubuhi nenda. Chukua hata siku nzima. Mzee mwenyewe ana mke, ana majirani, siyo? Leo nivumilie tu. Ile blauzi ya buluu unayo hapa?"

Blauzi ilikuwa nyumbani. Bosi alimtuma dereva kuifuata.

Baadaye Bi Haloo alijiuliza kwa nini hakutoka tu. Mlango haukuwa umefungwa. Hakuna aliyemshika mkono. Lakini mtu aliyeambiwa kaa na akakaa tangu ujana wake, miguu yake haijui njia nyingine. Alikaa pale mapokezi mbele ya shuka jeupe lililotundikwa tena, kando ya simu ambayo hailii, na wageni wakapita mmoja mmoja wakitazama kioo cha kompyuta, kisha yeye, kisha kioo. "Kumbe ni mtu kweli!" alisema mmoja, akacheka, akamwomba ainue kipokezi wapige picha. Alikiinua. Masikioni mwake mlikuwa na mlio ule ule, mrefu, usiokatika.

"Sema haloo," walimwambia.

Akasema haloo. Binti mbunifu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama chini.

*

Asubuhi iliyofuata, kiwanda cha mbao kilisikika kabla hakijaonekana. Nyuma yake nyumba zilikuwa zimepakwa unga wa mbao hadi madirishani, na watu walimwelekeza bila kuuliza ni Tarishi gani. Mlango ulikuwa na kufuli. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo kwenye uzio alimtazama sana.

"Wewe si yule wa kwenye simu? Wa haloo?"

"Ndiye mimi. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Walimchukua jana alasiri, homa imempanda anaongea peke yake. Wako hospitali kubwa." Mwanamke alibana kibanio kwenye shati. "Mkewe ameteseka kumshawishi. Mzee kashikilia, mama yangu kasema nivumilie. Tukadhani mama yake mzazi, kumbe mama yake alishakufa zamani."

Wodi ya wanaume ilikuwa ghorofani. Alipanda akishika ukuta. Aliwapita waliolala, waliokaa, aliyekuwa anakula ndizi kwa utulivu mkubwa, na mwisho kabisa, kando ya dirisha, akaona mwanamke mwembamba amekaa kitandani miguuni, mahali ambapo mtu hukaa kama kitanda kina nafasi. Kilikuwa na nafasi. Blanketi lilishuka ghafla juu kidogo ya pale palipopaswa kuwa na goti.

Mwanamke aliinua macho. Akasimama. Akamkumbatia.

"Umekuja!" alisema. "Ni wewe, dada. Mungu akubariki. Kila siku ulikuwa naye. Watoto wetu wenyewe hawapokei simu, lakini wewe, hata akikuandikia alfajiri unamjibu."

"Dada, si mimi," alisema Bi Haloo.

"Wewe ni nani basi? Si sura yako hii?" Alitoa simu kwenye khanga, akaifungua, na Bi Haloo akatokea katika blauzi ya buluu, na nukta ya kijani ikawaka. *Haloooo! Karibu mwanangu.*

"Sura ni yangu."

"Basi."

Alifungua mdomo aeleze. Angeanzia wapi? Kwa shuka jeupe? Kwa karanga? Kila neno lililokuwa ndani ya simu ile lilitoka kinywani mwake kweli. Hakuna hata moja angeweza kulikana. Mwanamke alikuwa bado amemshika mikono yote miwili na kuitikisa polepole, akishukuru.

"Mama watoto," ilisema sauti kutoka kwenye mto. "Muache mama akae."

Tarishi alikuwa amefumbua macho. Ndevu zilikuwa zimemtoka nyeupe, na midomo ilikuwa na magamba. Hawakuwahi kukaa karibu hivi kwa muda mrefu. Walijuana kwa masikio.

"Shikamoo mama," alisema.

Bi Haloo alikaa. "Marahaba, mwanangu."

"Mpangaji kahama." Alipumzika kidogo. "Na nyumba wamebomoa."

Hakuna aliyecheka. Mkewe aliokota chupa ya maji, akasema anakwenda kuijaza, akaenda.

"Si mimi niliyekujibu," Bi Haloo alisema kwa haraka, kabla mke hajarudi. "Ni mashine. Walichukua maneno yangu wakayatia humo. Mimi nilikuwa stoo. Jana ndiyo nimesoma. Jana ndiyo nimeona godoro."

"Najua."

"Unajua?"

"Uliposema mnauza mito nikajua si wewe." Macho yake yalikuwa darini. "Wewe hujawahi kunijibu bila kucheka kwanza."

"Sasa kwa nini uliendelea kuandika? Kwa nini hukwenda hospitali, baba?" Neno lilimponyoka. Kila siku akitania alisema baba. Leo halikuwa la utani.

Mzee alifikiri.

"Nimepeleka barua maisha yangu yote," alisema. "Unafika nyumba, mlango umefungwa. Unafanyaje? Huirudishi barua. Unaipitisha chini ya mlango. Mwenyewe siku moja atarudi, ataikuta." Alilamba midomo. "Nikasema, picha yake ipo pale. Atarudi."

"Nimerudi nimechelewa."

"Ndiyo," alisema Tarishi. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayethibitisha saa. Kisha akageuza uso ukutani, na baada ya muda mfupi pumzi zake zikawa ndefu.

Simu ya Bi Haloo ilitetemeka mkobani. Alitoka nayo kwenye korido. Alikuwa binti mbunifu, na alizungumza bila kupumua.

"Mama, nimekesha na kile kisanduku. Nimeongeza neno mpangaji, nimeongeza godoro, chumba, ukuta. Kikiyaona yoyote, kitamwambia aende hospitali mara moja. Nimekijaribu, kinafanya kazi. Umempata?"

"Nimempata."

"Anaendeleaje?"

"Wamekata juu ya goti."

Bi Haloo alisikiliza. Alimsikia binti akivuta pumzi, akaishika, akaiachia vipande vipande, na alijua, kama alivyokuwa akijua siku zote bila kujua kwa nini, kwamba huyu hapaswi kuambiwa avumilie.

"Mwanangu," alisema. "Uko wapi hapo? Uko peke yako?"

"Niko ofisini." Kisha: "Mama, nifanye nini?"

Korido ilikuwa ndefu, na muuguzi alikuwa akija akisukuma toroli la dawa.

"Sijui, mwanangu," alisema Bi Haloo. "Kweli sijui."

Muuguzi alimpita, akaingia wodini, Bi Haloo akamfuata, na muuguzi akavuta pazia kukizunguka kile kitanda cha dirishani. Punde likafunguka kidogo. Mke wa Tarishi, aliyekuwa amesharudi, alichungulia, akamnyooshea beseni la maji ya vuguvugu, maji yaliyoanza kubadilika rangi.

"Nishikie kidogo, dada. Humu hamna pa kuweka."

Bi Haloo aliitia simu kwenye mkoba bila kuikata, akalipokea kwa mikono miwili. Pazia likafungwa. Alisikia plasta nyingine ikibanduliwa, na sauti ya mzee ikihesabu kitu kwa kunong'ona. Watu walipita wakitafuta vitanda vya jamaa zao, wakamkwepa, mmoja akamwomba samahani. Hakuna aliyemwambia aliweke wapi. Alisimama katikati ya njia, na maji yakaendelea kucheza ukingoni, kidogo kidogo, bila kumwagika.